Chumba chenye Kiti Kimoja

Fundi seremala aliniuliza mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa anapima mguu wangu kwa kamba, kutoka gotini hadi chini, kwa kuwa nilimwambia nataka kiti cha kukalia kutwa nzima bila mgongo kulalamika. "Na cha mgeni?" akauliza. Nikasema kimoja kinatosha. Akaandika vipimo kwa penseli juu ya kipande cha ubao, akakagua meza niliyomchorea, kisha akarudi palepale.

"Kimoja?"

"Kimoja, fundi."

"Na umesema ni ofisi?"

"Ni ofisi."

"Hata mahabusu kuna benchi," akasema, akaitia penseli nyuma ya sikio.

Nilicheka kama mtu anayejua jambo ambalo fundi halijui. Nilikuwa na miaka thelathini na mitano, shahada moja, na nadharia. Nadharia yenyewe ilihusu viti. Katika shirika la uchapishaji nililofanyia kazi Dar es Salaam, mbele ya kila meza palikuwa na kiti cha mgeni, na kwa maoni yangu kazi zetu zote zilifia hapo. Mtu aliingia kupumzisha miguu, akakueleza sukari ilivyoadimika. Miaka ikapita, maduka yakajaa, mtu yuleyule akaingia kukueleza sukari ilivyopanda bei. Soko huria lilipotufikia na sisi, wakaja watu wenye mafaili kumwuliza kila mmoja wetu anafanya nini hasa, na kila mmoja wetu akajikuta anahitaji muda wa kufikiri. Shirika likafungwa. Wataalamu walitoa sababu zao. Mimi niliamini limeuawa na viti vya wageni.

Samani zilipopigwa mnada nilinunua mashine ya chapa, ileile iliyokuwa mezani kwangu miaka minane. Mke sikuwa naye tena, kwa maana ndoa yangu ilipunguzwa mapema kidogo kuliko mimi. Nikabeba mashine, rimu tatu za karatasi na boksi la kaboni, nikarudi Bariadi kwa mama, ambaye alikuwa akiishi peke yake tangu baba afariki. Sikumwambia mtu yeyote kwamba nimerudi nyumbani. Niliwaambia nimekuja kufungua ofisi.

Chumba nilichopewa kilikuwa ghala la pamba. Siku za nyuma, pamba ilipokuwa inasubiri chama cha ushirika mpaka panya wanazaa ndani yake, baba alikuwa anaihifadhi humo hadi darini. Sasa wanunuzi binafsi walikuwa wanapita na mizani zao hadi mlangoni, na ghala halikuwa na kazi. Nilifagia siku mbili. Nikamwita mwashi akatoboa dirisha upande wa nyuma, usioonyesha njia wala watu, ili macho yasipate pa kukimbilia. Kuta tukazipaka chokaa. Lakini pamba haitoki kwenye nyumba kwa ufagio. Kila nilipoanza kuchapa, mashine ilitikisa meza, meza ikatikisa ukuta, na kutoka kwenye nyufa nyuzi nyeupe zikashuka polepole, zikatua juu ya karatasi na kwenye nyusi zangu. Mama aliniambia nikitoka humo nafanana na babu yangu.

Kazi zilikuwepo, za namna yake. Kila mtu alikuwa anafungua kitu: duka la dawa, mashine ya kusaga, nyumba ya wageni yenye vyumba vinne. Waliokuwa na kitu walihitaji maneno ya kukitangaza, nami nikawa mtu wa maneno. Niliandika matangazo ya mnunuzi mmoja wa pamba kule Kasoli, na utenzi wa harusi ya mtu ambaye sikumfahamu. Kisha ikaja kazi iliyostahili chumba. Mradi mmoja wa mifugo wenye ofisi Dar es Salaam ulitaka kijitabu cha hadithi kwa ajili ya wafugaji, na mhariri aliyenikumbuka tangu enzi za shirika akanipendekeza. Hadithi iwe ya mfugaji mmoja anayejifunza faida ya josho la kuogeshea ng'ombe na ya kupunguza mifugo. Iwe na mazungumzo ya kusisimua, barua ilisema. Nikipatia, vitafuata vijitabu vingine vitano. Vitano! Hapo niliiona ofisi yangu imesimama.

Siku ya tatu ya kazi hiyo nilifunga mlango.

Kwa mtu wa Dar es Salaam hilo si tukio. Kwetu, watu wakiwa wamo nyumbani, mlango haufungwi mchana isipokuwa ndani kuna mgonjwa au kuna msiba. Nilizaliwa najua hivyo, na chuo kikuu nilifundishwa mambo mengine yaliyokaa juu ya hayo nikayasahau. Saa tano hivi walifika wanawake wawili wa jirani, mmoja na beseni la unga kichwani, mwingine na kuni. Waliuona mlango, wakatua mizigo bila kusema neno kama desturi inavyotaka, wakaketi kwenye kivuli cha ukuta. Mama alitoka jikoni akawakuta. Alidhani wamepitia kwake wakiwa njiani kwenda kwenye msiba ambao habari zake hazijamfikia, akaona aibu kuuliza, akaketi nao. Wanawake watatu waliomboleza nusu saa bila marehemu. Ndipo mimi nikafungua mlango kwenda chooni, nyusi nyeupe, na yule wa kuni akapiga yowe.

Unga walirudi nao.

"Umeniaibisha, baba," mama alisema jioni ile. Aliniita baba alipokuwa ananipenda na alipokuwa amekasirika, ukabaki kusikiliza sauti. "Sasa mtu akija nimwambie nini?"

"Mwambie niko kazini."

"Uko kazini." Alilijaribu neno kama anavyojaribu chumvi.

"Mpaka saa kumi. Kabla ya saa kumi asiingie mtu, na usiniambie kitu chochote. Hata nyumba ikiungua, mama, subiri saa kumi."

Nilidhani atanuna. Kumbe nilikuwa nimempa zawadi. Tangu nirudi, mama alikuwa anakwenda sokoni na kurudi na yale yaliyosemwa: mwanawe kafukuzwa, mwanawe kakimbiwa na mke, kasoma mpaka kasomea kurudi. Hakuwahi kuniambia. Lakini kuanzia kesho yake alihamisha kigoda chake na ungo wa choroko hadi mbele ya mlango wangu, na nikamsikia akiitikia salamu za asubuhi za wapita njia, waliomwita mayu, yaani mama, "Mwangaluka, mwangaluka," kisha, kabla hajaulizwa, "Yuko kazini."

"Kazini wapi, mayu? Mbona nasikia mashine humo ndani?"

"Ndiyo huko kazini."

"Analipwa?"

"Wewe unayeuliza unalipwa?"

Wiki mbili zilitosha. Watu wakazoea. Njia ya miguu iliyokuwa inapita uani kwetu ikaanza kuota majani.

Alikuwapo mmoja ambaye sikumhesabu kati ya watu. Nilichunga naye ng'ombe tangu tuna umri wa kukimbizwa na ndama. Siku ya kuandikishwa shule tulikwenda pamoja, na mwalimu akatupima kama watoto wote walivyopimwa: upitishe mkono juu ya kichwa uguse sikio la upande wa pili. Mkono wangu uligusa. Wake ulipungukiwa na upana wa kidole. Akaambiwa aje mwakani, na mwakani baba yake alikuwa amekwisha mkabidhi ndama wake wa kwanza. Kwa hiyo kila nilichokipata maishani, pamoja na shahada na kufukuzwa kazi, nilikipata kwa upana wa kidole. Niliporudi Bariadi, yeye peke yake hakuniuliza kwa nini. Alikuja na kibuyu cha maziwa ya mgando, akakaa na mama, akaniambia nimenenepa vibaya. Sikuwa na rafiki mwingine, si pale wala kwingineko, na nilijua hivyo wakati uleule.

Kwenye ofisi alikuja mara moja tu akaingia, kabla ya amri ya saa kumi. Alisimama mlangoni akazungusha macho: meza, mashine, kiti, mimi juu ya kiti.

"Nikae wapi?"

Nilimwambia akae juu ya boksi la karatasi. Alilitazama boksi, akanitazama mimi. Kwa mfugaji mwenye mji wake, mgeni hupewa kigoda kwanza. Salamu, maji na shida yake vinafuata baadaye. Hata mtu anayekudai, hata mtu usiyempenda.

"Basi nitasimama kama ng'ombe," akasema. Alisimama robo saa, akaniuliza mashine inakula nini, akaondoka. Tulicheka. Mimi nilicheka zaidi.

Kijitabu kilisonga. Nilimpa mfugaji wangu ng'ombe, mke mwenye busara na afisa mifugo mwenye baiskeli, nikawakalisha wazungumze. Nikapeleka sura za kwanza. Mhariri akajibu kwa barua fupi: afisa yuko vizuri, mke yuko vizuri, lakini mfugaji naye anazungumza kama afisa. Tunao maafisa wa kutosha, aliandika. Mpe sauti yake. Akataja siku ya mwisho, na akakumbusha kwamba vile vitano vinategemea hiki.

Hapo nikajifungia kwelikweli. Asubuhi nilisoma maneno ya mfugaji kwa sauti, nikayafuta, nikayaandika tena. "Ndugu afisa, nimetambua sasa umuhimu wa kuogesha mifugo yangu." Kaboni nazo zikaisha kwa kosa hilohilo. Mchana pakawa kimya kiasi kwamba nilisikia choroko zikianguka kwenye ungo wa mama, moja moja. Nilikuwa nimetafuta utulivu miaka minane kwenye shirika, nikaupata, na mchana wa saa nane ulinikalia kifuani kama gunia. Nilianza kuchapa hata nilipokuwa sina la kuandika, ili nisikie kitu.

Katika siku hizo ndipo rafiki yangu alikuja. Nilimtambua kwa kikohozi chake kabla hajasalimia.

"Mwadila, mayu." Ilikuwa mchana, na salamu ya mchana.

"Mwadila. Yuko kazini."

"Mpaka saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Saa kumi niko kisimani na wanyama."

"Basi."

Vidole vyangu vilikuwa juu ya mashine. Mlango ulikuwa hatua tatu. Nikajiambia, nimalizie sentensi hii. Nilipoimaliza hapakuwa na mtu. Siku nne baadaye alikuja tena, yakasemwa maneno yaleyale, nami nilikuwa katikati ya sentensi nyingine. Mara ya tatu alikaa. Nilimsikia akizungumza na mama, chini chini, muda mrefu, na mama mara moja akasema "Eee," kwa sauti ya kushuka. Kisha rafiki yangu akapaza sauti kuelekea mlangoni kwangu:

"Bwana ofisi! Huyo mfugaji wako hajambo?"

Nilipaswa kujibu. Nilijibu, kwa kweli: nilipiga kengele ya mashine ya chapa mara mbili, kling, kling, nikaona ni utani mzuri sana. Akacheka, akakohoa, akaenda.

Nilimaliza siku mbili kabla ya tarehe. Asubuhi ile nilikunywa uji nje, mlango wazi, karatasi zimefungwa kwa uzi wa katani. Mama alikuwa anapepeta.

"Wa ng'ambo ya mto wamekwisha hama," akasema, kana kwamba anazungumza na ungo.

"Nani kahama?"

"Rafiki yako. Wamekwenda Malampaka jana kusubiri treni. Wanakwenda Rukwa. Ng'ombe walitangulia kwa miguu na ndugu zake wiki iliyopita." Akapuliza maganda. "Huku wamelima pamba hadi kwenye mapito. Ng'ombe akitia mguu tu, kesi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniambia nisikuambie."

"Baada ya saa kumi, mama!"

"Nilitaka. Akanikataza. Alisema neno lenyewe la kuaga, atalisema mwenyewe kwa mdomo wake. Amekuja mara tatu." Sasa aliniangalia. "Mlipigiana kengele. Nilidhani mmeagana."

Lori la marobota ya pamba lilikuwa linaondoka kwenda Malampaka, nikapanda. Nilibeba mswada. Nilijidanganya njia nzima, kupitia Nkoma na Maswa, kwamba nakwenda kuutuma kwa treni, kwa sababu sikuwahi kusafiri kilomita sabini juu ya pamba kwa ajili ya mtu, na nilihitaji sababu ya kikazi.

Treni ilikuwa bado haijafika, na hakuna aliyeshangaa. Niliwakuta mwisho wa jukwaa, yeye, mkewe, watoto watano, kuku kwenye tenga, na mizigo iliyofungwa kwa kamba za ngozi, ile ya kufungwa mara moja tu kwa safari ndefu. Aliniona nikija. Hakusimama wala hakuonyesha mshangao. Alimgeukia mkewe.

"Fungua huo."

"Upi?"

"Wenye vigoda."

"Baba, treni inakuja!"

"Mgeni amesimama," akasema.

Mwanamke yule alipiga magoti akaanza kufungua fundo kwa meno. Niliwaomba waache, nikasema nimekaa mno kwenye lori, nataka kunyoosha miguu. Hakuna aliyenisikiliza. Kamba ilifunguka, masufuria yakatoka, blanketi likatoka, pampu ya dawa ya pamba ikatoka, na chini kabisa kigoda cha miguu mitatu, cheusi kwa kukaliwa. Akakifuta kwa kiganja, akakiweka mbele yangu.

"Haya. Kaa. Umefikaje?"

Nilikaa. Nikasema kwa lori la pamba.

"Nilikuja ofisini," akasema. "Karani wako mkali."

"Nilikusikia."

"Najua ulinisikia. Mashine ilinyamaza." Hakulisema kwa ubaya. Akanionyesha karatasi kwa kidevu. "Huyo ndiye mwenzangu? Nisomee."

Nikamsomea ukurasa mmoja, pale ambapo mfugaji anamkubalia afisa. Mke wake alikuwa anafunga mizigo huku akisikiliza. Rafiki yangu alisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Ana ng'ombe wangapi huyu?"

"Kumi na wawili. Alikuwa nao arobaini, akapunguza."

"Ndiyo maana ana nafasi ya kuongea." Mkewe akacheka ndani ya blanketi. "Na huyo afisa amefika na baiskeli, jua kali, wanazungumza kurasa zote hizo. Amekaa wapi?"

Nilifunua karatasi kutafuta. Nilitafuta kwa dhati, kama mtu anayetafuta tiketi. Katika kijitabu kizima hapakuwa na mahali pa kukaa.

Treni ikapiga honi mbali. Ikawa ni mbio, watoto, tenga, kuku. Nilinyanyuka nikampa mkewe kigoda, naye hakuwa na muda wa kukifunga upya, akakipitisha dirishani mikononi mwa mtoto. Tulishikana mikono, yeye kwa mikono miwili. "Mwambie mama nimekuaga," akasema. Hilo ndilo neno lililokuwa halitaki kuachiwa mtu. Treni iliposogea nilimwona akikohoa, lakini sikusikia.

Mswada sikuutuma. Nilirudi nao, nikamnyamazisha mfugaji nusu nzima ya kijitabu, na mwanzoni nikaandika kwamba afisa alipofika aliwekewa kigoda, akakaa, na kwa muda hakuna aliyetaja josho. Nilichelewa siku tisa. Mhariri aliandika kwamba sasa mfugaji amekuwa mtu, akashukuru. Habari ya kigoda aliikata, nafasi haikutosha. Vile vitano alikuwa amekwisha mpa mtu mwingine.

Nilikwenda kwa fundi seremala kuagiza kiti cha pili. Hakuuliza cha nani. Alisema tu, "Hiki nakipima kwa mguu gani?" Nikamwambia akadirie.

Siku kilipoletwa nilikiweka mbele ya meza, nikaufungua mlango wazi, nikaenda kumwambia mama kwamba amri ya saa kumi imekwisha. Mtu yeyote akija, saa yoyote, apite ndani.

Aliacha kupepeta.

"Kazi imekwisha?"

"Hapana. Kazi ipo. Lakini watu waingie tu."

"Nimewaambia miezi yote hii uko kazini. Wamezoea. Hata wale waliokuwa wanasema, hawasemi tena." Sauti ilimshuka. "Sasa niwaambie nini, baba? Kwamba umeachishwa tena?"

Shahada yangu haikulifikia swali hilo.

Kesho yake niliketi, mlango wazi, kiti cha pili kikinitazama na vumbi jembamba la pamba likianza kutua juu yake. Kabla ya adhuhuri nilisikia hatua za mtu uani, sauti ya mwanamume ambayo sikuitambua.

"Mwangaluka, mayu. Mwenyewe yupo?"

Mama alikawia kujibu. Ungo ulinyamaza, choroko zikanyamaza.

"Yuko kazini," akasema.

Mtu yule akasimama palepale, kama anayesikiliza. Mlango ulikuwa wazi na ndani hapakuwa na sauti yoyote. Nikavuta mashine, nikaanza kuchapa, maneno yoyote yaliyokuja, kwa nguvu, mstari baada ya mstari, mpaka niliposikia hatua zake zimevuka uani na kwenda zake.